Mpira wa Rede wa Matambara: Namna ya Kuutengeneza na Watoto Uani

Anza kwa kutafuta soksi moja. Kila nyumba ninayoijua ina soksi iliyofiwa na mwenzake. Imelala chini ya tenga la nguo, na hakuna anayethubutu kuitupa kwa sababu ile ya pili "itaonekana tu". Haitaonekana. Itoe, ifue, leo ina kazi.

Tunatengeneza mpira wa rede. Nasema rede makusudi, maana mtoto ukimwambia "tutengeneze mpira" akili yake inakimbilia chandimu, na mpira wa chandimu ni kitu kingine kabisa. Ule ni wa mguu: mkubwa, mgumu, umefungwa kamba nje mpaka unafanana na kifurushi cha basi la mkoani, na ukidunda kidogo ndiyo raha yenyewe. Wa rede ni wa kumpiga mtu. Ndiyo, kumpiga mtoto mwenzako aliyesimama katikati, miguu peku, macho yamemtoka. Kitambaa utakachochagua, utakavyokaza na utakavyoshona, vyote vinafuata hilo: mpira uruke mbali na unyooke, lakini ukimpata mtu acheke, asilie.

Kwa ambaye hajaucheza: warushaji wawili wanasimama huku na huku, kama hatua 10 hadi 15, na anayekwepa yuko katikati. Akiguswa na mpira ametoka. Kwetu palikuwa na chupa pale kati. Anayekwepa anajaza mchanga kwa viganja huku mpira unampitia kulia na kushoto, chupa ikijaa anaimwaga, na hapo ameshinda. Wakenya wanauita kati, kwingine utasikia nage. Sheria zinabadilika mtaa kwa mtaa, wakati mwingine uchochoro kwa uchochoro, kwa hiyo usijaribu kuwasahihisha watoto wa kwa jirani. Watakuona mshamba.

Vitu vya kukusanya

Sisi wa zamani kidogo tulitengeneza kwa mifuko ya rambo. Unakusanya rambo kumi, unazisokota, unafunga kwa uzi wa kiroba, umemaliza. Kenya walipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mitaro ya mtaani kwetu inashukuru, ila mafundi wadogo wa mipira walibaki wameduwaa. Ile mifuko mbadala tuliyouziwa baadaye haifai kwa kazi hii. Ukiivuta inachanika, ukiikaza inafumuka, na ikikaa juani miezi miwili inakuwa unga. Usihangaike nayo.

Kwa rede, lakini, sioni kama tumepoteza kitu. Rambo zilizoshindiliwa zikipigwa na jua zinakuwa ngumu kama kwato. Kitambaa ni rafiki zaidi wa mbavu za watu.

Utahitaji hivi:

Soksi mbili za pamba, si lazima zifanane. Zile ndefu za shule ndizo nzuri kuliko zote. Soksi za nailoni zinateleza mkononi mtoto akianza kutoka jasho.

Fulana moja kuukuu ya pamba. Hii ndiyo moyo wa mpira. Kitambaa cha fulana kinavutika, kwa hiyo ukikizungusha huku umekivuta, kinajikaza chenyewe kinaporudi. Kanga haivutiki, itumie nje kwa urembo.

Kipande cha sponji chenye ukubwa wa yai. Fundi wa makochi anazo tele chini ya meza yake. Fundi cherehani naye ana mfuko mzima wa mabaki ya vitambaa, na ukimsalimia vizuri, "shikamoo fundi" iliyonyooka kutoka kwa mtoto mwenyewe, utapewa bure na utaongezewa.

Uzi mnene wa pamba, mkasi, na shazia ile ya kushonea magunia. Shazia inakaa kwa mtu mzima muda wote.

Wapo wanaoongeza kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mimi siiweki. Inaufanya mpira udunde, na mpira wa rede ukidunda unakwenda mtaroni, mchezo unasimama, mdogo kuliko wote anatumwa kuufuata, na baada ya mara tatu anasema hachezi tena. Mpira mzuri wa rede ukianguka unasema "pu" na kutulia.

Visivyotakiwa ndani

Jiwe. Nilikuwa darasa la tatu tulipoweka kokoto ndani ya mpira ili "uwe na nguvu". Ulikuwa na nguvu kweli. Ulimpata kaka yangu juu ya jicho, akashonwa nyuzi tatu. Jioni mama aliuchana ule mpira kwa kisu mbele ya watoto wa mtaa mzima, taratibu, kama anayetoa kielelezo mahakamani. Kokoto ikaanguka sakafuni, ikalia. Hakusema neno. Aliiokota, akaiweka juu ya kabati la vyombo, ikakaa pale mpaka tulipohama.

Basi hakuna jiwe, hakuna kizibo cha soda, na ukikata fulana ondoa vifungo na zipu kwanza. Usiweke pia mahindi wala maharage, ingawa vitabu vingine vya shughuli za watoto hupendekeza hivyo. Siku mpira utakapolowa, punje zitavimba, zitanuka, na panya wataupenda kuliko watoto wanavyoupenda.

Hatua ya 1: Kata tepe

Kata fulana kuanzia chini kwenda juu kwa kuzunguka, bila kufika mwisho na kuanza upya, kama unavyomenya chungwa ganda likitoka moja. Upana uwe vidole viwili. Ukipata utepe mmoja mrefu wa mita nne au tano, mshono utakuwa mchache na mpira utakuwa laini. Ukikatika njiani si msiba. Fundo usilipige, laza utepe mpya juu ya ule wa kwanza na endelea kuzungusha. Fundo ni kokoto ndogo.

Mtoto wa miaka sita na kuendelea anaweza kukata mwenyewe ukimshikia kitambaa kikiwa kimenyooka. Atakata vibaya, upana utapungua na kuongezeka. Haidhuru, vyote vinaingia ndani.

Hatua ya 2: Kiini

Chukua sponji, ikunje ndani ya kipande cha kitambaa, ifinye mkononi mpaka iwe ndogo kama ndimu, na ukiwa bado umeifinya anza kuzungushia utepe. Sponji kazi yake ni kusukuma kutoka ndani. Ndiyo inayoufanya mpira urudie umbo lake baada ya kukaliwa na mtu, na utakaliwa, hilo nakuhakikishia.

Ukikosa sponji, mabaki ya fundi cherehani yanatosha, mpira utakuwa mzito kidogo tu. Waliokulia Bukoba, Moshi au Rungwe wanajua njia nyingine, ya maganda makavu ya mgomba. Yanyunyizie maji kidogo kwanza yasivunjike, yasokote, ndipo uyazungushe. Unatoka mpira mwepesi mno na una harufu nzuri, lakini mvua moja tu na umekwisha.

Hatua ya 3: Kukaza, na hapa ndipo penye kazi

Mwachie mtoto, halafu mwangalie. Mwanangu wa miaka saba aliukumbatia mpira tumboni, ulimi nje kwenye pembe ya mdomo, akazungusha, akazungusha, kwa nguvu zake zote, upande uleule mmoja. Baada ya dakika tano alikuwa na kitu kama kitumbua: kimenenepa katikati, kimebonyea pande mbili. Akanitazama. "Mama, mbona umekuwa bapa?"

Kwa sababu utepe unaongeza unene pale unapopita tu. Ukipita palepale mara ishirini, unajenga mkanda. Dawa yake ni hii: zungusha mara tatu, geuza mpira robo, zungusha mara tatu ukikata njia ya kwanza, geuza tena. Kila mara tafuta kwa kidole gumba mahali palipobonyea, upitishe utepe hapo. Tukaufumua, tukaanza upya, na safari hii alikuwa anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, geuza. Wimbo ule ulikaa nyumbani wiki nzima.

Mpira bapa au wenye nundu upande mmoja haunyooki. Upande mzito unayumba, mpira unaukata upepo vibaya, na unakwenda kwa shangazi aliyekaa barazani badala ya kwenda kwa mchezaji.

Tatizo la pili ni nguvu. Mikono ya mtoto haitoshi kukaza ipasavyo, na wewe ukimnyang'anya umalize mwenyewe umeua furaha yote. Kuna ujanja. Funga ncha ya utepe kwenye nguzo ya baraza au kwenye mti. Mtoto ashike mpira, arudi nyuma mpaka utepe ukakamae, aegemee nyuma kidogo kwa uzito wa mwili wake, kisha aanze kuuviringisha akisogea mbele hatua kwa hatua kuelekea kwenye nguzo. Uzito wa mwili unafanya kazi ambayo vidole haviwezi. Wakiwa wawili, mmoja awe nguzo. Watabishana nani awe nguzo, lakini kazi itakwenda.

Kaza sana tabaka za ndani. Ukibakiza kama mizunguko kumi ya mwisho, legeza. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hufanya kinyume: ndani wanatia matambara yaliyolegea, halafu nje wanafunga kwa nguvu kuficha ulegevu. Mpira wa namna hiyo unauma na bado haufiki mbali. Tunataka kama embe linaloanza kuiva, nyama laini juu, kokwa ndani.

Ukubwa wake uwe wa chungwa dogo, sentimita saba au nane kukatiza katikati. Mtu hudhani mtoto mdogo apewe mpira mdogo. Hapana. Mpira mdogo unaishia kwenye sehemu ndogo ya mwili, na ndiyo maana unachoma. Mkubwa kidogo, laini, unatandaza kishindo. Kwa uzito tumia mayai: mpira uwe na uzito wa mayai mawili hivi, karibu gramu 100 au pungufu kidogo. Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59, huo ni mwepesi lakini mgumu. Wa kriketi unapita gramu 155 na ni mgumu kama mbao, ndiyo sababu wapigaji wa kriketi wanavaa kofia ngumu. Ukipima kwa mayai, shika mayai wewe. Mimi nilimpa mtoto ayashike, sasa najua.

Hatua ya 4: Soksi

Tumbukiza mpira ndani ya soksi mpaka kwenye vidole. Bana shingo ya soksi pale inapoishia mpira, sokota mara mbili, halafu geuza sehemu iliyobaki iufunike mpira tena kama unavyomvua mtoto fulana kwa kuipindua. Sokota tena, pindua tena. Soksi ndefu ya shule inatoa tabaka tatu, wakati mwingine nne.

Angalia jambo moja. Kila unaposokota panatokea kifundo. Vifundo vyote vikiangukia upande mmoja umerudi kulekule kwenye nundu. Kwa hiyo kabla ya kusokota mara ya pili, ugeuze mpira ndani ya soksi ili kifundo cha kwanza kiangalie upande mwingine. Watoto wanaielewa upesi ukiwaambia "kila kifundo kina nyumba yake".

Ule mpira wa kubana wa juu ya soksi usiukate, ndio utakaokaa juu ya kila kitu na kushika. Kisha shazia: wewe mtu mzima shona mdomo wa soksi kwa hatua fupifupi za kuvuka, uzi wa pamba, si wa nailoni. Mwisho wa uzi usipige fundo nje. Pitisha shazia katikati ya mpira itokee upande wa pili, vuta kidogo, kata uzi usawa na kitambaa, ncha irudi ndani yenyewe.

Hatua ya 5: Ngozi

Soksi ya pili inaweza kuwa ngozi, na kwa siku ya kwanza inatosha kabisa. Chagua rangi inayoonekana jioni. Kahawia haifai, mpira unapotelea kwenye mchanga saa kumi na mbili kasoro, muda ambao mchezo ndio umenoga.

Wenye muda wafunike kwa kipande cha kanga. Kata mduara wa kutosha kuufunika mpira wote na kubaki vidole viwili, pitisha uzi wa kukunjia pembezoni, weka mpira katikati, vuta uzi mpaka kitambaa kifunge kama mfuko, zamisha ncha ndani, shona. Binti yangu aliniganda kwamba maneno ya kanga yabaki nje. Tulijitahidi. Limebaki neno "majirani" peke yake, mengine yamezama kwenye mshono, na sasa mtaani mpira wenyewe unaitwa hivyo: "Lete Majirani! Majirani ameingia mtaroni!"

Hatua ya 6: Jaribu kwako kwanza

Bonyeza kwa kidole gumba. Kiingie kidogo kisha kikutane na ugumu. Kikizama moja kwa moja, tabaka za ndani zimelegea. Kisipoingia kabisa, fumua ngozi upunguze mkazo wa nje.

Uangushe kutoka usawa wa bega kwenye sakafu ya saruji. Usidunde kupita kifundo cha mguu. Uviringishe sakafuni: ukikata kona kama baiskeli yenye rimu iliyopinda, kuna nundu, itafute uipige kwa ngumi au uzungushie utepe upande wa pili.

Halafu simama hatua nane, geuka mgongo, mwambie mtoto akurushie kwa nguvu zake zote. Hii hatua usiiruke, kwanza kwa sababu wewe ndiye utakayejibu kwa mama wa mtoto wa jirani, pili kwa sababu hakuna mtoto asiyeipenda. Ukisikia kishindo bila maumivu, mpira uko tayari. Ukijikuta unajikuna, rudi kwenye tabaka za nje.

Kumfundisha kurusha

Watoto wengi wanarusha kwa mkono wa kulia wakiwa wametanguliza mguu wa kulia. Mwili unajifunga, nguvu yote inatoka kwenye kiwiko, mpira unaanguka hatua nne mbele. Chora unyayo kwa mkaa sakafuni, au kwa kijiti kwenye mchanga: huu ndio mguu wa kushoto, uweke hapa. Asimame ubavu ukielekea anakorusha. Kiwiko kipande usawa wa bega, macho kwa mlengwa, si kwenye mpira. Akirusha mwili ugeuke, na mkono umalizie karibu na goti la mguu wa mbele. Anayetumia mkono wa kushoto afanye kinyume chake, na tafadhali usimbadilishe mkono. Kwenye rede mrushaji wa mashoto ni hazina, wakwepaji hawamzoei.

Vidole viushike mpira kwa ncha, usizame kwenye kiganja. Mpira uliozama kwenye kiganja unachelewa kutoka na kwenda chini.

Kwa wadogo weka sheria ya kiuno kushuka chini. Wakubwa, mabega kushuka chini. Anayelenga kichwa anaingia katikati yeye, bila mjadala.

Wa mkia, kwa wale wadogo kabisa

Utakuwa na mabaki, na patakuwa na mdogo wa miaka minne anayelia kwamba hana mpira. Chukua soksi ndefu ya kuchezea mpira wa miguu. Tia kwenye vidole kidonge cha matambara kama limau, kaza kwa uzi nyuma yake, acha sehemu yote iliyobaki ining'inie. Funga na tepe mbili tatu za kanga mwishoni.

Ukiurusha, kichwa kizito kinatangulia na mkia unafuata nyuma ukikokota hewa, ndiyo maana hauyumbi hata ukirushwa ovyo. Na kwa kuudaka mtoto hahitaji kuulenga mpira wenyewe, anadaka mkia, ambao ni mrefu na hauumi.

Unarushwa kwa kuuzungusha ubavuni kama gurudumu: unashuka kwa nyuma, unapita chini, unapanda kwa mbele. Siri iko kwenye muda wa kuachia. Mpira ukiachiwa haufuati tena duara, unakwenda kule ulikokuwa unaelekea sekunde ile. Ukiachia ukiwa umefika mbele usawa wa kiuno, unapaa wima na kukuangukia kichwani. Ukiachia kabla haujafika chini, unajipiga ardhini. Uachie ukiwa umeshapita miguuni na ndio unaanza kupanda, nusu ya njia kati ya chini na mbele. Hayo yote mtoto wa miaka minne hayahitaji. Mwambie tu, "achia ukiona umepita kiatu." Atakosea kumi na tano, ya kumi na sita itapita juu ya paa la banda la kuku, na utaambiwa hadithi hiyo mpaka wakati wa kulala.

Wenzake wasisimame nyuma yake wala mbele yake. Wakae ubavuni, mbali.

Uwanja

Ondoa jiko la mkaa, ndoo za maji na kamba ya nguo, hasa ya jirani. Fagia vipande vya chupa, kwa sababu watacheza peku hata ukiwavalisha viatu.

Kuhusu jua: rede inachezwa jioni, na jua la jioni ni adui. Ukipanga warushaji mashariki na magharibi, mmoja anarusha akiwa kipofu na anayekwepa haoni mpira unaotoka upande wa jua. Wapange kaskazini na kusini, jua liwe ubavuni. Kwa sisi wa pwani hapo panakuja tatizo lingine, maana upepo wa kusi unaanza Mei mpaka Septemba, na mrushaji mmoja atakuwa anarusha dhidi yake. Kati ya jua na upepo mimi nachagua kukwepa jua. Upepo dawa yake ni kubadilishana pande kila chupa inapomwagwa. Miezi ya kaskazi ni vivyo hivyo, kinyume chake.

Mpira ukilowa

Mchezo umekwisha, hata kama ni mapema. Matambara yananyonya maji, na ule wa gramu 100 unakuwa mzito mara mbili. Ni lile kokoto la kaka yangu limerudi kwa mlango mwingine. Usiukamue kwa kuusokota, utavuruga tabaka. Uweke chini ya kisigino, kanyaga taratibu maji yatoke, kisha uanike juani, si kivulini, ukiugeuza kila baada ya muda kama samaki wa kukaanga. Siku moja ya jua kali haitoshi. Juu utakauka na ndani bado una maji, utaujua kwa kuunusa. Mpe siku mbili.

Ngozi ikichanika, usifumue. Uvike soksi nyingine juu yake. Majirani ana ngozi ya tatu sasa, ameongezeka kidogo, ameanza kuwa mzito, na nadhani kwenye ya nne itabidi tuvue zote na kupunguza tepe za juu. Soksi ya kufanyia kazi hiyo bado haijapatikana. Baba watoto ameanza kuficha zake.